Shaba mbili zilizotoka katika pambano moja: kisa cha kilo 60, Paris 2024

Matokeo ya judo huandikwa majina manne kwa kila uzito: dhahabu, fedha, shaba, shaba. Fungua matokeo ya ubingwa wa Afrika, wa Ulaya au wa Asia, fungua ya Olimpiki, utakuta umbo hilo hilo. Aliyezoea riadha au kuogelea hulipita jina la nne haraka, akidhani waandaaji wameamua tu kumfuta mtu machozi. Ukweli ni kwamba majina hayo mawili ya shaba ndiyo yenye hadithi ndefu kuliko yote, na mara nyingine hadithi hiyo ni chungu.

Wanaume wasiozidi kilo 60 katika Olimpiki ya Paris walimaliza hivi, Jumamosi tarehe 27 Julai 2024. Dhahabu ni ya Yeldos Smetov wa Kazakhstan, fedha ya Luka Mkheidze wa Ufaransa, shaba ya Ryuju Nagayama wa Japani na shaba nyingine ya Francisco Garrigós wa Hispania. Wawili hao wa mwisho walisimama ngazi moja jukwaani, wamevaa medali za uzito mmoja na rangi moja. Saa chache kabla walikuwa wamepigana wao kwa wao, Garrigós akatangazwa mshindi kwa ipponi, alama ya juu kabisa inayomaliza pambano papo hapo, na Nagayama akakataa kumpa mkono.

Imekuwaje aliyeshinda na aliyeshindwa wakapata kitu kile kile? Na je, shaba ya Nagayama ilikuwa fidia ya alichotendewa? Wengi waliolifuatilia pambano lile walijibu ndiyo kwa swali la pili. Mimi nasema hapana.

Robo fainali

Lilikuwa pambano la wakubwa. Garrigós alikuja akiwa bingwa wa dunia wa mwaka 2023, taji alilolitwaa Doha, na kabla ya hapo alishakuwa bingwa wa Ulaya wa 2021 mjini Lisbon. Nagayama alikuwa na shaba mbili za ubingwa wa dunia, ya 2018 na ya 2019, lakini Paris ndiyo ilikuwa Olimpiki yake ya kwanza. Katika Olimpiki kila nchi hupeleka mtu mmoja tu kwa kila uzito, na nafasi ya Japani ya kilo 60 kule Tokyo ilikuwa ya Naohisa Takato, ambaye hakuipoteza bure: alitwaa dhahabu. Nagayama alisubiri zamu yake miaka mingi. Tuliweke akilini hilo kabla ya kumhukumu kwa alichofanya baadaye.

Walikuwa chini kwenye tatami, yaani mkeka wa judo, Garrigós amempiga kabali mwenzake. Kabali ya judo kazi yake ni kubana mishipa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo, wala haihitaji kuzuia pumzi. Ikikaa sawasawa, mtu huzimika kwa sekunde chache tu, tena bila kuhisi maumivu makubwa. Kanuni zinasema kabali humpa mshambuliaji ipponi kwa njia mbili: ama aliyekabwa asalimu amri, kwa kupigapiga kwa mkono au mguu au kwa kutamka, ama ashindwe kuendelea kwa kupoteza fahamu. Nagayama hakusalimu. Alikuwa anajikinga, shingo imekazwa, anangojea kabali ile ichoke.

Ndipo mwamuzi akatamka “mate”. Ni neno la Kijapani la kumwambia mtu angoje, na kwenye judo lina maana moja tu: acheni, pambano limesimama. Garrigós hakuachia. Kabali ikaendelea kwa muda uliokadiriwa kuwa sekunde sita hivi. Kwa maelezo ya upande wa Japani, Nagayama aliposikia mate alilegeza kinga yake, kama ambavyo mwanajudo yeyote amefundishwa tangu utotoni kufanya. Shingo iliyolegea ndani ya kabali iliyokaza haina ujanja. Akazimika kwa muda mfupi. Mwamuzi alipouona mwili umelegea akanyoosha mkono juu: ipponi kwa Garrigós.

Nagayama alipopata fahamu hakuamini anachokiona. Alibaki kwenye tatami dakika kadhaa akiomba maelezo, mpinzani alipomnyooshea mkono hakuupokea, na ukumbi wa Champ-de-Mars ukajaa mizomeo. Kwa mchezo ambao salamu ya kuinama ni sehemu ya kanuni wala si hiari, hicho kilikuwa kitu kizito kukitazama. Maofisa wa Japani walilalamika. Matokeo hayakubadilika.

Kosa lilikuwa wapi

Lawama nyingi zilimwangukia Garrigós, na mitandaoni zilivuka mipaka ya adabu. Nadhani zilielekezwa kusiko. Mtu aliye ndani ya kabali, uso umegandamana na nguo ya mwenzake, ukumbi umefurika kelele, anaweza kabisa kukosa kusikia neno moja fupi. Zaidi ya hapo, wanajudo hufundishwa kwamba shambulio la chini haliachwi mpaka uhakika uwepo, kwa sababu anayeachia sekunde moja mapema hupoteza pambano alilokuwa amelishinda. Mwamuzi aliye makini anajua hilo, na ndiyo maana akisimamisha pambano la chini huinama, huwasogelea na kuwagusa kama sauti haikutosha. Sekunde sita ni muda wa kutosha kabisa kuinama na kumgusa mtu begani.

Lakini tuseme basi alisikia na akapitiliza. Bado swali kubwa halimhusu yeye, maana Garrigós hakujipa ipponi. Alipewa.

Hebu tulitazame neno mate lenyewe. Ama lilitolewa kwa haki, au lilitolewa kimakosa. Kama lilitolewa kwa haki, kwa maana kwamba mwamuzi aliona kabali haielekei popote, basi pambano lilikuwa limesimama, na lolote lililotokea baada ya hapo halina alama. Huwezi kupewa bao baada ya filimbi. Kama lilitolewa kimakosa, kwa maana kwamba kabali ilikuwa hai na haikupaswa kukatizwa, kanuni za judo zina njia yake: mate iliyotoka kwa makosa kwenye mapambano ya chini inaweza kurekebishwa kwa kuwarudisha wachezaji katika hali iliyokuwapo, kadiri inavyowezekana, kisha waendelee. Hapo Nagayama angerudishwa ndani ya kabali akiwa macho, kinga yake imekaza, na huenda angeshindwa vile vile. Ila angeshindwa akiwa anapigana.

Kilichotokea hakikufuata njia yoyote kati ya hizo mbili. Mate ilitoka, ikamlegeza mmoja, kisha ikahesabiwa kama haikutoka, na matokeo ya kulegea yakapewa alama ya juu kabisa ya mchezo. Mambo hayo mawili hayawezi kusimama pamoja. Ndiyo sababu nasema Nagayama alikuwa na haki ya kulalamika hata kama kabali yenyewe ilikuwa nzuri, na ilikuwa nzuri.

Mwamuzi hakuwa peke yake, tusisahau. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa judo ya kimataifa ina mwamuzi mmoja kwenye tatami na wenzake mezani wenye marudio ya video, wanaoweza kumnong’oneza kwa kifaa cha sikioni. Utaratibu huo uliwekwa hasa kwa nyakati za namna hii. Picha ilikuwapo, sauti ilikuwapo, saa ilikuwapo. Kosa la mtu mmoja aliyechoka au aliyechanganyikiwa linasameheka haraka. Kosa lililopita mbele ya macho manne mengine na mashine ya kurudisha picha ni la mfumo, na halirekebishwi kwa kumtukana yule mmoja.

Njia ya kuopolewa

Sasa tuje kwenye medali. Judo hutumia neno la Kifaransa, repechaji, ambalo asili yake ni kuopoa kitu kilichozama. Ni neno lililochaguliwa vizuri. Aliyeshindwa robo fainali huwa amezama. Repechaji humvuta juu, si mpaka alipokuwa anakwenda, bali mpaka mahali anapoweza kuvuta pumzi.

Utaratibu wa sasa ni huu. Wanne walioshindwa robo fainali hupambana wawili wawili, kila jozi kutoka upande wake wa droo. Anayeshindwa hapo anaandikwa wa saba. Anayeshinda anakwenda kupigania shaba, na hapa ndipo wengi hupotea: hapambani na aliyeshindwa nusu fainali ya upande wake, anavushwa upande wa pili. Atakayeshinda ni shaba, atakayeshindwa ni wa tano. Pande ni mbili, kwa hiyo shaba ni mbili, wa tano wawili, wa saba wawili.

Kuvusha huko kuna sababu ya msingi. Kama upande ungebaki ule ule, Nagayama angeweza kukutana tena na Garrigós siku hiyo hiyo kugombea shaba moja, na pambano la robo fainali lingekuwa halina maana yoyote: lingechezwa mara mbili, na la pili ndilo lingehesabiwa. Kwa kuwavusha, mchezo unalinda matokeo ya kwanza yasifutwe, na papo hapo unafungua uwezekano ambao macho ya mtazamaji huuona wa ajabu, kwamba wote wawili wapande jukwaani pamoja.

Ikawa hivyo. Garrigós alikwenda nusu fainali akaangushwa na Mkheidze, Mfaransa aliyekuwa nyumbani. Akavushwa kwenda kugombea shaba na Giorgi Sardalashvili wa Georgia, akamshinda. Kwa Hispania hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya michezo ile ya Paris, na ya kwanza kwa judo yao tangu dhahabu ya Isabel Fernández huko Sydney mwaka 2000. Miaka 24. Nchini mwake hakuna aliyeiita ya kufutia machozi.

Nagayama njia yake ilikuwa ndefu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya kisa hiki inayostahili kusimuliwa mara nyingi kuliko ile kabali. Kwanza alipangiwa Yang Yung-wei wa Taiwani, mwenye fedha ya Tokyo, ambaye naye alikuwa ametoka kushindwa robo fainali. Fikiria pambano hilo: watu wawili waliokuja Paris kutafuta dhahabu, wote wameshaikosa, mmoja wao akiwa ametoka kupoteza fahamu na bado anaamini ameonewa. Mshindi hapati medali, anapata ruhusa ya kwenda kuigombea. Nagayama alishinda. Kisha akavushwa kwenda kukutana na Salih Yıldız wa Uturuki, aliyeshindwa nusu fainali ya upande wa Smetov. Akashinda tena. Shaba.

Mtazame Yıldız kidogo, kwa maana hakuna anayemtaja. Yeye alishinda robo fainali yake. Kwa hesabu ya hatua, alifika mbali kuliko Nagayama. Alipoteza mapambano mawili ya mwisho ya siku yake, akaandikwa wa tano, akaondoka mikono mitupu. Ukiona mtu anasema repechaji ni zawadi kwa walioshindwa, mwulize kuhusu aliyeshinda robo fainali akarudi bila kitu. Shaba ya judo haipatikani kwa kushindwa vizuri. Kila anayeivaa ameshinda pambano lake la mwisho, na hilo mwenye fedha hawezi kulisema.

Kwa nini si fidia

Hapa ndipo ninapotofautiana na waliosema kwamba mwisho wa siku haki ilitendeka, kwa kuwa Nagayama naye alipata medali. Repechaji haikuwekwa kwa ajili ya makosa ya waamuzi. Iliwekwa kwa ajili ya droo. Kwenye mtoano, mtu wa pili kwa ubora anaweza kupangiwa wa kwanza mapema na kutolewa, huku wa sita akipita njia nyepesi mpaka nusu fainali. Repechaji hupunguza bahati hiyo mbaya. Ingemwopoa Nagayama hata kama angeangushwa kwa haki isiyo na doa, haikuuliza alishindwaje.

Ushahidi mzuri ulikuja kesho yake, tarehe 28 Julai, kwenye tatami zile zile. Uta Abe wa Japani, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa Tokyo kwa wanawake wa kilo 52, aliangushwa kwa ipponi na Diyora Keldiyorova wa Uzbekistan katika raundi ya pili. Kilio chake kilisikika ukumbi mzima. Keldiyorova aliendelea mpaka akatwaa dhahabu. Kwa hiyo Abe alishindwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye bingwa. Lakini raundi ya pili ni kabla ya robo fainali, na repechaji ya leo huwaopoa walioshindwa robo fainali peke yao. Siku yake ikaishia pale, bila nafasi ya kugombea chochote. Nagayama alishindwa hatua moja tu mbele yake, na mtu ambaye hata fainali hakufika, akapata shaba.

Zamani isingekuwa hivyo. Katika Olimpiki ya Beijing ya 2008, kila aliyeshindwa na mtu aliyefika nusu fainali aliingia kwenye repechaji, hata kama alitolewa raundi ya kwanza. Kwa kanuni ile Abe angefufuka. London 2012 ilikuja na kanuni hii nyembamba ya robo fainali, na ndiyo inayotumika mpaka sasa. Naelewa kwa nini ilibanwa: siku ilikuwa inarefuka mno, mapambano ya watu waliokwisha kutolewa yalikuwa mengi, na mtazamaji wa televisheni alikuwa hajui ni nani bado yumo. Lakini kila ulipobanwa mlango kuna waliobaki nje, na mimi binafsi naipenda zaidi kanuni ya zamani. Ilikuwa inamwambia mchezaji kwamba kushindwa mapema na aliye bora si kosa.

Basi shaba ya Nagayama na ukosefu wa shaba wa Abe vinatoka chanzo kimoja: walishindwa raundi gani. Aliyeonewa na aliyeshindwa kihalali wote walipimwa kwa kipimo hicho hicho, ambacho hakijui habari za kuonewa. Alichokipoteza Nagayama robo fainali kilikuwa haki ya kugombea dhahabu, na hicho hakuna repechaji inayoweza kukirudisha. Kuanzia sekunde ile mwamuzi aliponyoosha mkono, kilele chake kilikuwa shaba.

Shaba inaweza kwenda wapi

Wapo wanaodharau shaba hizi mbili kwa kuwa ni mbili. Kwao ningeweka matokeo ya kilo 60 ya Tokyo kando ya yale ya Paris. Tokyo, Takato alipata dhahabu baada ya Yang kuadhibiwa mara ya tatu katika muda wa nyongeza. Shaba zilikwenda kwa wawili: Yeldos Smetov na Luka Mkheidze. Miaka mitatu baadaye, fainali ya Paris ilikuwa Smetov na Mkheidze. Wawili wa ngazi ya chini ya jukwaa la Tokyo ndio waliopanda ngazi mbili za juu Paris, na mwenye fedha ya Tokyo akamaliza wa saba.

Smetov ana hadithi ya peke yake. Bingwa wa dunia mwaka 2015 mbele ya watu wake mjini Astana, fedha Rio 2016, shaba Tokyo, dhahabu Paris. Rangi zote tatu za Olimpiki, katika michezo mitatu mfululizo, uzito ule ule. Mtu anayeweza kukaa kilo 60 kwa muda wote huo huku wenzake wakipanda uzito anastahili heshima hata kabla hujahesabu medali. Na kama asingekuwa na ile shaba ya Tokyo katikati, hadithi yake ingekuwa na pengo.

Kwa nchi, shaba mbili hubadilisha hesabu. Mashindano kamili ya judo yana uzito 14, saba wa wanaume na saba wa wanawake, kwa hiyo medali za mtu mmoja mmoja ni 56, na nusu yake, 28, ni shaba. Paris, ukijumlisha na timu mchanganyiko, Ufaransa ilikusanya medali 10: dhahabu 2, fedha 2, shaba 6. Japani ilipata 8: dhahabu 3, fedha 2, shaba 3, na moja ya hizo tatu ni ya Nagayama. Nani aliongoza? Anayepanga kwa dhahabu atasema Japani, anayepanga kwa jumla atasema Ufaransa, na wote wawili wanasoma karatasi moja.

Kwenye ubingwa wa mabara umuhimu wa shaba ni wa kiutendaji zaidi. Bingwa wa bara hupata pointi 700 katika viwango vya dunia, mshindi wa pili 490, mwenye shaba 350, wa tano 252, wa saba 182. Pambano moja la shaba, lile ambalo kamera nyingi huwa zimeshaondoka kwenda kungojea fainali, lina tofauti ya pointi 98. Kwa safari ya Paris, 17 bora wa kila uzito walifuzu moja kwa moja, wakihesabiwa mmoja kwa kila nchi, kisha zikagawiwa nafasi 100 kwa mabara, ambapo Afrika ilipata 24, Ulaya 25, Amerika 21, Asia 20 na Oseania 10. Nchi haipati zaidi ya nafasi moja kwa njia hiyo. Kwa mwanajudo ambaye nchi yake haina pesa za kumpeleka kwenye mashindano makubwa kila mwezi, ubingwa wa bara ni moja ya milango michache yenye pointi nyingi kwa safari moja, na kosa la mwamuzi kwenye robo fainali yake linaweza kumaanisha Olimpiki au hakuna Olimpiki. Hapo hakutakuwa na ukumbi mzima unaozomea wala magazeti ya dunia yanayouliza.

Na kuna ubingwa ambako hata repechaji haipo. Uzito ukiwa na washiriki kati ya watatu na watano, hakuna mtoano. Kila mmoja hupigana na kila mwenzake. Usiilinganishe shaba hiyo na ya Nagayama kabla hujajua waliingia wangapi.

Baada ya jukwaa

Jukwaani walisimama wote wanne. Siku chache hazikupita, Garrigós akaenda kumwona Nagayama kumwomba radhi. Nagayama ndiye aliyetoa habari hiyo kwa umma, pamoja na picha yao wawili wakitabasamu, akieleza kwamba tukio lile lilikuwa bahati mbaya kwa wote wawili, kwamba wao ni marafiki wa judo, na akawasihi watu waache kuwatukana wachezaji na waamuzi. Alisema hivyo mtu ambaye alikuwa na haki kuliko wote ya kubaki na hasira.

Wengine walichukua radhi ile kama kukiri kosa, na wengine wakachukua picha ile kama ushahidi kwamba hapakuwa na kosa. Sioni kwamba ni lolote kati ya hayo. Garrigós aliomba radhi kwa sekunde sita, na Nagayama akazipokea. Ile ipponi ilikuwa ya mwamuzi na meza yake, na wachezaji hawana uwezo wa kuiombea radhi wala kuisamehe kwa niaba ya mchezo.

Kwenye kumbukumbu rasmi imebaki ilivyoandikwa siku ile. Robo fainali, kilo 60: Garrigós amemshinda Nagayama, ipponi. Ukishuka mpaka kwenye orodha ya mwisho utawakuta tena, mmoja juu ya mwenzake, na mbele ya kila jina namba 3.